Lenzi ya mara 10: itakuambia ni mfupa, haitakuambia ni wa dinosaria

Katikati ya Nairobi, kwenye vibanda vya mafundi saa na masonara, kuna kioo cha kukuzia kinachojikunja ndani ya ganda la chuma. Bei yake ni shilingi mia chache, na ubavuni kimechorwa "30x 21mm". Hiyo 30x, yaani kukuza mara 30, ni ya kuuzia tu. Lenzi inayokuza mara 30 kweli haioni vizuri mpaka ikaribie kitu kwa milimita 8 hivi. Kabla ya kulipa, weka kioo karibu na jicho, kiteremshe juu ya gazeti hadi herufi zitulie, halafu pima kwa rula. Zikitulia kwenye sentimita 3 au 4, gawanya 25 kwa umbali huo: mkononi una mara 6 hadi 8. Hata hizo zingetosha kazi nyingi, ila pembezoni mistari hupinda na kila ukingo huvaa rangi za upinde wa mvua. Kwa pete ya dhahabu si neno. Kwa kipande cha mfupa kilichogeuka jiwe, ukingo huo ndio unaotafutwa.

Inayofaa ni lenzi ya mara 10 yenye vipande vitatu vya kioo vilivyogundishwa pamoja, kama zile za BelOMO kutoka Belarus. Bei yake haikaribiani na ya kibandani, lakini picha hunyooka hadi pembeni na rangi hazimwagiki. Usishawishike kupanda hadi mara 20. Mifereji midogo ya damu ndani ya mfupa ina upana wa karibu sehemu moja ya ishirini ya milimita, na kwa mara 10 hiyo ni nusu milimita machoni, jicho laiona bila taabu. Kwa mara 20 unalazimika kusogea hadi sentimita 1 na robo, kichwa chako kinaziba mwanga, na sehemu inayoonekana vizuri kwa wakati mmoja ni nyembamba mno kwa jiwe lisilo bapa.

Wengi huishika vibaya kisha wakailaumu. Lenzi haikai juu ya jiwe kama ya mpelelezi wa kwenye katuni. Hukaa karibu na jicho, mkono ukiegemea shavu, halafu jiwe ndilo linaletwa hadi sentimita 2 na nusu. Jua litoke ubavuni. Zile zenye taa ndogo kuzunguka kioo hupiga mwanga moja kwa moja mbele na kufuta vivuli vya vitundu, kwa hiyo taa ni bora izimwe. Angalia pale palipovunjika, si ngozi ya nje iliyosuguliwa na upepo, na upalowanishe kwa tone la maji.

Mfupa huonyesha sehemu mbili. Nje kuna gome gumu lililoshikana, lenye vidoti vidogo ukilitazama lilipokatika kwa upana, na mistari myembamba ukilitazama kwa urefu. Ndani kuna wavu kama sega la nyuki lililokosewa vipimo, mara nyingi ukiwa umejaa madini meupe au mekundu. Gome kugeuka taratibu kuwa wavu ndiyo dalili yenye uzito kuliko zote. Jiwe la volkano nalo lina matundu, lakini ya ukubwa wowote, yametawanyika ovyo, na halina gome. Mti uliogeuka jiwe, ambao Turkana hauna uhaba, ndio unaodanganya zaidi: una nyuzi ndefu kama za mfupa, ila nyuzi hizo huendelea hadi katikati, na sehemu iliyokatika huweza kuonyesha pete za ukuaji. Donge la madini hujifunga tabaka juu ya tabaka kama kitunguu.

Rangi haisaidii, kwa kuwa hutoka kwenye madini ya udongo. Uzito nao huonyesha tu kwamba kimegeuka jiwe. Ile mbinu ya kugusisha ulimi ina msingi, maana mfupa wenye vitundu hunata, lakini udongo mkavu wa mfinyanzi hunata vilevile, na mbuzi wamepita hapo kabla yako.

Kujua mfupa ni wa mnyama gani, hapo ndipo lenzi inapokwama, hata iwe ya bei gani. Vitundu vilevile vipo kwa tembo, kiboko na mamba. Gome jembamba lenye uwazi mkubwa katikati linaweza kuwa la dinosaria mla nyama, au la ndege. Kipande kisicho na kiungo wala jino hutambuliwa kwa tabaka la mwamba kilikotoka. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano iliyo changa kuliko hapo kwa mbali, basi mfupa uliochimbuliwa kwenye msingi wa nyumba Kasarani au Ngong usiuite dinosaria. Tabaka za Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, ni za miaka milioni chache tu. Mifupa ya dinosaria ya Kenya imepatikana kwenye mawe ya mchanga ya milima ya Lapur, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Turkana. Jirani zetu Watanzania wana tabaka za dinosaria za Tendaguru, Lindi, zenye umri wa karibu miaka milioni 150.

Kwa sababu hiyo kipande kilichong'olewa na kuletwa mjini ndani ya mfuko wa plastiki kimepoteza nusu ya jibu. Kiache kilipo, kipige picha kikiwa na rula pembeni, piga nyingine ya mwamba wote, na uandike vipimo vya GPS. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inampa aliyekiona siku saba kuwaarifu Makumbusho ya Taifa mahali hasa kilipo.

Kuhusu utunzaji, skrubu ya bawaba hulegea kwa mtikisiko wa gari, hivyo beba bisibisi ndogo ya miwani. Vumbi lipulizwe kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Ukianza na shati, chembe za mchanga zitakwangua kioo. Kamba ya shingoni huuzwa kando mara nyingi, na inunuliwe siku hiyohiyo: lenzi iliyoanguka kwenye kokoto za Turkana ina rangi ileile ya kokoto.