Uzoefu wangu: Scania R143 ya plastiki na 113 ya baba

Baba aliendesha Scania 113 kati ya Dar na Tunduma kwa miaka kumi na moja. Ilikuwa nyeupe, difu mbili, yaani ekseli mbili za nyuma zinazosukuma, na mimi na dada yangu tuliijua kwa mlio kabla haijakata kona ya kuingia mtaani kwetu. Kwa hiyo binamu yangu anayeishi Sweden aliponiuliza aniletee nini, sikufikiri mara mbili. Nilimwambia Scania ya kuunganisha, ya kampuni ya Italeri, kipimo cha 1/24, yaani sentimita moja ya modeli ni sentimita 24 za lori halisi. Akaja na boksi la R143M Topline. Nimeikalia miezi minne, jioni na Jumapili, na haya ninayoandika ni kwa ajili yenu mnaounda malori madogo, hasa mnaotafuta lori fulani mnalolijua na si lori lolote.

Nianze na namba, maana ndipo nilipokosea kuagiza. Kwenye Scania za kizazi kile, tarakimu mbili za mwanzo ni lita za injini na ya mwisho ni kizazi. 113 ni lita 11, 143 ni lita 14, zote za kizazi cha tatu kilichotoka mwaka 1987 na kudumu mpaka miaka ya 1990 ilipofika katikati. Ukiziweka pamoja zimefungwa kebini, ni mapacha: kebini ile ile ya pembe pembe iliyochorwa na Giugiaro, mbunifu wa magari wa Italia, na kuanza na kizazi cha pili mwaka 1980. Herufi R ni kebini ndefu iliyokaa juu, P ni ile fupi ya chini, T ni ya pua. M ni daraja la chasisi, nayo ni ya kati. H ni nzito, E nzito zaidi.

Tofauti inajitokeza ukiinamisha kebini, na modeli hii inainama. 113 ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. 143 ni V8, silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ile iliyofika hadi nguvu farasi 500. Ndani ya boksi unapewa V8 kamili, vipande vingi, na kuiunda kulinipa raha kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii. Niliipaka kwanza rangi ya msingi ya kijivu, kisha rangi yake, halafu nikapitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa sana ili itulie kwenye mikunjo kama oili iliyokauka. Ukitaka ionekane kama 113 unaweza kufunga kebini na kubadilisha namba usoni, watazamaji tisa kati ya kumi hawatajua. Mimi nilishindwa. Nilijua kilichomo humo ndani, nikaiacha ibaki 143.

Siku niliyomwonyesha baba, aliizunguka mezani kimya, akainama, akaangalia nyuma. Akauliza: "Difu ya pili iko wapi?"

Swali hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka mlibebe. Sisi tunaonunua modeli tunatazama sura: sho (ile grili ya mbele), taa, kimo cha paa. Lakini vichwa vingi vya malori ya Ulaya vinavyouzwa kwenye maboksi ni 4x2, ekseli ya mbele na moja ya nyuma, kwa sababu ndivyo barabara za kule zilivyovizoea. Lori la mizigo mizito la njia ya Tunduma, linalopanda Kitonga na tela lililojaa, mara nyingi ni la ekseli tatu. Uso unaurekebisha kwa jioni moja. Chasisi inakula wiki: ni kurefusha zile reli mbili ndefu za chasisi bila kuzipinda, kupata difu nyingine, springi nyingine, rimu na matairi manne zaidi, kisha kusogeza sahani ya kufungia tela ili uzito ukae mahali pake. Kabla ya kulipa, hesabu ekseli kwenye picha ya boksi.

Paa nalo lina neno lake. Topline ni paa la juu, dereva anasimama wima ndani. Ya baba ilikuwa na paa la kawaida, na keria ya chuma juu yake. Kwa macho yangu Topline inapendeza zaidi kwenye kabati, ila haikunirudisha utotoni. Streamline ni jambo jingine tena: ni kizazi kile kile, lakini uso umelainishwa kona ili upepo upite, kwa hiyo usidhani ukinunua moja utaigeuza iwe nyingine kwa kubandika stika.

Kuhusu usukani, muulize muuzaji kwanza. Boksi moja nililowahi kununua, la kampuni nyingine, lilikuja na dashibodi ya kushoto peke yake, na kwa lori la Tanzania hilo halikubaliki. Ilibidi niikate vipande vitatu na kuipanga upya.

Waliozoea Scania za baadaye wajue kuwa mpango wa namba uliendelea kwenye kizazi cha nne: 124 ni lita 12, silinda sita, 144 na 164 ni V8. Herufi ndizo zilibadilika, L ikawa ya safari ndefu, C ya ujenzi. Kwa hiyo modeli ya 164L Topline 580 ina kebini ya R kama ya 124 nyingi mnazoziona barabarani, na ukiinamisha kebini unakutana na yale yale ya 113 na 143.

Volvo imenichanganya kwa namna tofauti. Kwenye F10, F12 na F16 namba ni lita pia, lakini hakuna V8 humo: hata F16 ya mwaka 1987, lita 16 zote zile, ni silinda sita za mstari mmoja. Anayepanga kuhamisha injini kutoka boksi hili kwenda lile akumbuke hilo. Ninaipenda F12 yenye Globetrotter, kebini yake ya paa la juu, kuliko FH iliyoanza mwaka 1993, kwa sababu mistari yake iliyonyooka inapokea rangi vizuri na makosa ya mkono yanaonekana mapema.

Kisha kuna Wamarekani. Nina Peterbilt 359 ya AMT, kampuni ya modeli ya Marekani, lori lenye pua ndefu lililoundwa kuanzia mwaka 1967 hadi 1987. Kipimo chake ni 1/25. Watu husema tofauti na 1/24 ni ndogo, na kwa karatasi ni kweli: lori la mita 6 linakuwa sentimita 24 badala ya 25. Lakini tairi la mita moja linashuka kutoka milimita 42 hadi 40, na ukiazima matairi ya boksi moja kwa jingine, jicho linalikamata kosa hata kama huwezi kulitaja. Usichanganye kwenye tela moja.

Ile pua nayo ina historia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1982 iliacha kubana urefu wa jumla kwenye barabara kuu za taifa na kupima tela tu, hivyo pua ndefu ikarudi kwa nguvu. Ulaya wanapima kila kitu, kichwa na tela pamoja mita 16.5, ndiyo maana Scania na Volvo zimekuwa bapa usoni. Urefu huo kwa 1/24 ni karibu sentimita 69. Kabati langu lina sentimita 60, kwa hiyo 143 imesimama bila tela mpaka fundi seremala amalize rafu mpya.

Boksi la pili limeshafika, na difu yake itakwenda nyuma ya hii. Kati ya ekseli na ekseli nimeweka mita 1.35 ya lori halisi, yaani milimita 56. Baba ameleta rula yake.