Airbus A350 kwa sikio la muuza vipuri wa Kibirizi

Nauza vipuri vya injini za boti hapa Kibirizi, Kigoma, na sampuli nazifuata mwenyewe Guangzhou. Mzigo wenyewe unakuja baadaye kwa kontena, lakini mimi lazima nifike, nishike chuma mkononi, nibishane bei. Ndiyo maana ninapokata tiketi siku hizi simuulizi wakala nauli tu. Namuuliza na aina ya ndege. Safari iliyopita niliangukia kwenye Airbus A350-900. Kampuni niliyopanda siitaji, kwa sababu ninachopima hapa ni ndege. Chakula na tabasamu za wahudumu ni habari nyingine.

Kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni Bombadia, ile ya mapangaboi, viti 76. Sina neno nayo, inafika ambako majitu makubwa hayafiki. Ila mngurumo wake mnaujua. Mtu akitoka humo akaingia kwenye A350, cha kwanza kumshtua si ukubwa, ni ukimya. Nilikaa nyuma kidogo ya bawa, mahali ambapo kwenye ndege nyingi hulali. Rubani akakoleza moto kwenye njia ya kurukia, nami nimekaza masikio nikisubiri kelele. Zilikuja, lakini nusu ya nilivyozoea.

Injini ni Trent XWB ya Rolls-Royce, na ndege hii haina injini nyingine ya kuchagua. Feni yake ya mbele ina kipenyo cha mita 3 hivi. Sehemu kubwa ya hewa inayoivuta haiingii kabisa kwenye moto. Inapita pembeni na kutoka nyuma kwa mwendo wa chini kuliko ule wa moshi unaotoka kwenye kiini. Hewa ikitoka taratibu haipigi kelele sana, na mafuta yanaliwa kidogo. Sikuusikia mlio wowote wa kunitia wasiwasi, na mimi ni mtu ninayeweza kukuambia boti gani inaingia bandarini kabla haijaonekana.

Ukimya huo una upande wake wa pili, wasafiri wenzangu. Ngurumo ikiondoka, unayasikia yote: mtoto wa safu ya nyuma, mzee anayekoroma ng'ambo, choo kikivuta maji. Bebeni vizibo vya masikio.

Jambo la pili ni hewa. Ndege ikiwa juu kabisa, mle ndani hewa inawekwa kana kwamba uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ndege nyingi za zamani ni kama mita 2,400. Sisi wa mwambao wa Tanganyika tumezoea kama mita 770, kwa hiyo tofauti tunaipata vizuri: ya kwanza ni kulala Mbeya mjini, ya pili unakaribia Kitulo. Inawezekana kwa sababu bodi na mabawa ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Faiba tunayotengenezea boti hapa ni nyuzi za kioo, hii ni ndugu yake tajiri. Haipati kutu na haichoki upesi kwa kupanuka na kusinyaa kila safari, hivyo ndani wanaweza kuongeza mgandamizo na hata unyevu kidogo. Vifaa vya namna hiyo ni asilimia 53 ya ndege nzima kwa uzito. Nilishuka Guangzhou, ambako saa ziko tano mbele ya zetu, pua haijakauka na kichwa hakigongi, nikaenda dukani siku hiyohiyo. Kwangu hiyo ni pesa.

Historia ya ndege hii ndiyo iliyonifurahisha kama mfanyabiashara. Mwaka 2004, Boeing walipokuwa wameshatangaza ile waliyokuja kuiita 787, Airbus walikuja na jibu la haraka: wachukue A330 yao, waiwekee mabawa mapya na injini mpya, waiite A350. Wateja wakaguna. Mwaka 2006 Steven Udvar-Házy, bosi wa ILFC, kampuni ya kukodisha ndege iliyokuwa ikinunua kwa wingi, akasema hadharani kwamba hiyo haitoshi, wachore upya. Mnunuzi mkubwa akisema hivyo, muuzaji hana ujanja. Julai mwaka huohuo wakarudi na ndege mpya, pana zaidi, wakaiongezea herufi XWB, yaani Extra Wide Body, mwili mpana zaidi. Iliruka mara ya kwanza Toulouse, Ufaransa, tarehe 14 Juni 2013, na Desemba 2014 Qatar Airways wakapokea ya kwanza. Hao walikuwa wameagiza 80 tangu 2007, ndege ikiwa bado mchoro wa karatasi.

Oda nazo zina vituko. Emirates walifuta ndege 70 kwa mpigo mwaka 2014, watu wakadhani mambo yameharibika. Mwaka 2019 walirudi na oda ya 50, na ya kwanza waliipokea Novemba 2024. Singapore Airlines walitengenezewa toleo la masafa marefu zaidi, wakaanza kuruka Singapore hadi New York bila kutua Oktoba 2018. Ndani kuna viti 161 tu na daraja la kawaida halimo kabisa, kwa hiyo sisi wa sampuli hatuhusiki. Afrika, Ethiopian Airlines ndio walioanza, mwaka 2016. Sisi Tanzania tulichagua upande wa Boeing: 787-8 ya kwanza ya Air Tanzania ilitua Julai 2018.

Hiyo ya kwetu nimeipanda pia, na watu huniuliza ipi bora. Kwa hewa zinalingana. Kwa dirisha, 787 inashinda: ni refu, na kioo chake unakitia giza kwa kitufe. Kwenye A350 niliyopanda kuna pazia la plastiki la kushusha kwa mkono. Kwa upana, A350 ina mita 5.61 ndani na 787 ina 5.49. Viti tisa kwa tisa, unaongezewa sentimita moja na kidogo kila mtu. Msidanganyike na neno pana. Bega la jirani bado utalijua. Kwa ukimya nampa Airbus bila kusita. Halafu kuna kamera juu ya mkia, unaangalia kwenye skrini yako ndege ikitua kama vile umekaa mgongoni mwake. Niliacha filamu nikaangalia hiyo.

Kasoro niliyoikuta ni sanduku la umeme wa skrini chini ya kiti cha mbele yangu, mguu mmoja ukakosa pa kukaa. Hilo ni chaguo la mwenye ndege. Na kuna kampuni zinazobana viti kumi kwa safu humohumo. Kwa mtu mwenye mabega kama yangu, hiyo ni adhabu.

Nyota nne kati ya tano. Kabla hujalipa, tazama namba ya aina ya ndege kwenye ratiba: 359 ni A350-900, 351 ni kaka yake mrefu A350-1000, 788 ni 787-8. Kisha hesabu viti kwenye ramani ya safu, vikiwa kumi tafuta siku nyingine. Na ujue kampuni ina haki ya kubadilisha ndege hata asubuhi ya safari, kwa hiyo usimwagie wakala hasira. Yeye hana ndege.