Kioski cha maji ya kuchuja, Maji ya Chai

Sisi wa Maji ya Chai, huku Arusha, meno yetu ya kahawia yanatutaja kabla ya jina. Floraidi hiyo, madini yaliyozidi kwenye maji yetu, na kuchemsha hakuiondoi, ndiyo kwanza inakolea. Nyumbani tulikuwa na chujio la mkaa wa mifupa. Zuri, ila mkaa ukichoka huoni dalili. Kioski hiki kipya kinasukuma maji kwa presha kwenye utando mwembamba mno, floraidi nyingi inabaki nyuma. Mama mkwe kaonja, kasema “haya maji hayana maji.” Nimeuliza filta imebadilishwa lini, kijana akanionyesha tarehe ya maka peni ubavuni. Safi. Kinachoniudhi: umeme ukikatika madumu yanapanga foleni, na bomba la nyuma linamwaga mtaroni kutwa maji yaliyobaki na floraidi. Nanunua lita 20 za kunywa na kupikia, ya kufulia nachota bomba la kawaida.