Betri ya Sola Niliyouziwa Mwanjelwa kwa Jina la Salfa

Betri hii niliinunua katika duka moja la vifaa vya sola pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, baada ya betri yangu ya maji kuchoka, na kijana aliyenihudumia alinihakikishia kwamba ni litiamu ya salfa, toleo jipya kabisa. Kwa miezi minane imewasha taa sita na televisheni nyumbani kwangu Isyonje, wala haijaniacha gizani hata usiku mmoja. Betri yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni jina.

Lebo ya ubavuni inasema volti 12.8. Ukigawanya kwa nne, yaani seli (vibetri vidogo) zilizounganishwa ndani yake, unapata 3.2, ambayo ndiyo volti ya kawaida ya seli moja ya litiamu yenye kathodi (upande chanya) ya fosfeti ya chuma, ile iliyotokana na kazi ya kundi la mwanasayansi John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas, iliyochapishwa mwaka 1997. Seli ya litiamu-salfa hutoa takriban volti 2.1, hivyo nne zisingefika hata 9. Kwa hiyo niliyouziwa ni fosfeti ya chuma, si salfa.

Salfa ingekuwa neema, sikatai. Ni unga ule ule wa njano ambao wakulima wa Mtwara huupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, na kinadharia gramu yake moja huhifadhi miliampea-saa (kipimo cha chaji) 1,675, wakati ile ya fosfeti ya chuma huishia 170. Kikwazo kimo ndani ya kathodi. Salfa haipitishi umeme, kwa hiyo lazima ichanganywe na kaboni. Ikipokea litiamu hutanuka kwa karibu asilimia 80, na kathodi huanza kumeguka. Na baya zaidi, huzaa polisulfidi, yaani michanganyiko ya litiamu na salfa, zinazoyeyuka katika elektroliti (kimiminika cha ndani ya betri) na kuhamia upande wa anodi (upande hasi), zikiila litiamu huko, huku salfa ikizidi kupungua kadiri betri inavyochajiwa. Mwaka 2009 kundi la Linda Nazar wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, lilionyesha kwamba salfa ikifungiwa katika vitundu vidogo mno vya kaboni, uvujaji huo hupungua sana. Baadaye wengine wakaongeza oksidi za metali zinazozinasa polisulfidi kikemia. Sifa yake kubwa ni wepesi, ndiyo maana Zephyr, ndege ya sola isiyo na rubani iliyokaa angani wiki mbili mwaka 2010, ilibeba betri za aina hiyo, lakini betri inayokaa chini ya meza yangu haina haja ya kuruka. Inahitaji kuvumilia kuchajiwa kila siku kwa miaka, na hapo fosfeti ya chuma bado haijapata mshindani katika salfa.

Jambo ambalo muuzaji alipaswa kunieleza, na hakunieleza, ni kwamba betri ya namna hii haifai kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, onyo lenye uzito kwa mteja anayeishi kwenye baridi ya Juni huku kwetu. Niliihamishia ndani kwa akili yangu mwenyewe.

Betri naipa alama nne kati ya tano, duka mbili. Nilirudi kuomba risiti iandikwe upya, kwa kuwa waranti haitanisaidia ikiwa karatasi inataja kitu ambacho sikuuziwa. Kijana aliiandika bila ubishi, ingawa kibao cha salfa bado kipo kwenye rafu.