Bakora ya babu, mafundi wawili: uzoefu wangu

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka asihangaike. Fundi wa kwanza nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu alimaliza siku aliyoahidi. Fundi wa pili nyota tano, japo alinikalisha kwenye kibao masaa mawili, akanisema kama mtoto mdogo, na kazi niliyompelekea karibu yote aliikataa.

Stori yenyewe ni hivi. Babu mzaa baba alifariki akaacha bakora. Sio gongo la hospitali, bakora haswa, ile ya mkono uliokunjwa, ina pete ya fedha shingoni na kofia ya shaba kwenye ncha ya chini, ya kuendea msikitini Ijumaa na kukaa nayo mbele harusini. Nyumbani kwetu inajulikana kuwa ni ya mpingo na hadithi yake ni kwamba baba yake babu alipewa na Sayyid Khalifa mwenyewe kwa mkono wake. Sasa Sayyid Khalifa bin Harub alitawala Unguja toka 1911 mpaka 1960, karibu miaka hamsini, na ukizisikiliza familia zetu zote basi yule bwana hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kugawa bakora. Ila sisi tulikuwa na ushahidi bwana. Kwenye pete kuna simba kachongwa, mdogo kama punje ya mchele, na pembeni yake kuna nanga. Simba wa Sultani, nanga ya meli ya Sultani. Nani angebisha?

Mi ndo nikaachiwa, naishi Dar, nikaiweka nyuma ya mlango wa chumba imeegemea kona, miaka minne pale. Ilikuwa nyeusi, pa kushikia panang'aa kama pamepakwa mafuta, pete imeingia weusi, chini kuna vitundu vidogo kama vya sindano. Kosa langu ni kwamba niliiona chafu. Nikaipeleka kwa fundi wa fanicha mtaani, tukapatana elfu arobaini, siku tatu, nikamwambia naitaka ing'ae. Kiukweli alifanya nilichomwambia, ndo maana hasira zangu nyingine nazimeza mwenyewe.

Siku ya tatu nafika, sikuitambua. Kaipiga msasa juu mpaka chini, halafu kamwagia vanishi ile ya milango, ukishika inanata kidogo na kidole. Weusi wote kwisha, imekuwa rangi ya asali. Pale pa kushikia palikuwa na kibonde cha kidole gumba cha babu, nilipokuwa mdogo nilikuwa natia kidole changu pale nikimsubiri avae viatu, sasa pamesawazishwa, hamna kitu. Pete kaiwekea mashine ya kung'arishia vyuma mpaka imekuwa kioo. Kofia ya shaba kaing'oa kaweka mpira mweusi wa magongo ya hospitali "ili isiteleze dada". Nikamuuliza ile ya zamani iko wapi, akachokonoa kwenye kopo la misumari akanipa, na kuichukua ile kofia ndo kitu pekee cha akili nilichofanya siku ile. Nikapiga picha nikamtumia shangazi Unguja, akanijibu kwa voisi ya dakika nne ambayo siwezi kuiandika hapa.

Shangazi ndo akanielekeza kwa huyu mzee. Yuko Mji Mkongwe, ukitokea Darajani unaingia vichochoro kama vitatu, kijiduka cha mlango mmoja, hana bango. Alijifunza usonara kwa baba yake, baadae akaongeza na kazi za mbao, majambia, vipini vya visu, misahafu yenye vifungo vya fedha, na bakora. Nilimkuta na mteja kutoka Muscat, anaongea Kiunguja safi kuliko mimi, kaleta fimbo ya babu yake na yeye, nyembamba, ile wanayoshika Waomani kwenye shughuli. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa, nikakaa.

Ilipofika zamu yangu akaipokea kwa mikono miwili, akaizungusha mara moja tu. "Nani kakufanyia haya?" Nikamwambia fundi Dar. "Na wewe ulikuwepo?" Nikakaa kimya. "Haya. Sasa wataka miye nikuchukulie na kilobakia?" Maana nilikuwa nimekuja na orodha jamani: atoe vanishi, airudishe weusi, azibe vitundu, ang'arishe pete tena. Orodha ikaishia mfukoni.

Kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba sio mpingo. Alichukua kipande cha mpingo mezani kwake, kidogo kama kidole, akakitumbukiza kwenye kikombe cha maji, kikaenda chini kama jiwe. Akachukua kipande cha mbao nyingine, kikaelea. Bakora yangu hakuitia majini (na nyie msijaribu), aliipima kwa mkono tu, akasema mpingo wa urefu huu ungeuhisi begani. Halafu mkono wake umekunjwa kutoka mti huo huo bila kiungo, na mpingo ni mgumu mno, haukunjwi kirahisi hivyo, bakora za mpingo nyingi utakuta zimenyooka na kishikio kimechongwa au kimeunganishwa. "Hii mtobwe, mwanangu. Wazee wakiringia mtobwe." Kumbe mti wenyewe asili yake ni mweupe mweupe, ule weusi tuliokuwa tunauita mpingo ni rangi iliyopakwa zamani ikakolea na mafuta ya viganja na moshi na miaka, na ndo uliobaki kwenye vumbi la msasa Dar.

Pete sasa. Akavaa ile lenzi ya masonara jichoni. Simba anayetembea kanyanyua mguu mmoja ni alama ya Waingereza ya fedha halisi, ile ya sehemu 925 kwa 1000, nanga ni mji wa Birmingham, ndo ilipopimwa. London wana kichwa cha chui. Yaani simba wa Sultani yuko kwenye vijiko na sahani za chai za Waingereza maelfu kwa maelfu. Nilicheka mpaka yule bwana wa Muscat akageuka. Lakini kicheko kikaisha hapo hapo, kwa sababu pembeni ya nanga huwa kuna herufi, na ile herufi hubadilika kila mwaka, ukiisoma umbo lake pamoja na ule mji unapata mwaka pete ilipopimwa. Ya kwangu imelika. Kuna kivuli tu, inaweza kuwa h inaweza kuwa b. Mashine ya Dar iliila. Alama zimegongwa kwa wembamba wa karatasi na yule alikaa nayo kwenye mashine labda dakika mbili tatu. Kitu pekee kwenye ile bakora ambacho kingeniambia mwaka, nimelipa elfu arobaini kifutwe.

Pete ilikuwa inacheza gundi imekufa, akaivuta taratibu ikatoka. Ndani ya pete kuna vitundu viwili vya msumari, kwenye mti kuna kimoja tu. Hapo hata mimi nikaelewa, pete haikuzaliwa na bakora hii, ilitoka kwenye bakora ya Kizungu iliyovunjika, sonara akaihamishia kwenye mtobwe. Akasema zamani ilikuwa kawaida, fedha haitupwi. Kwa wanaonunua vitu vya kale hili ni la kuangalia sana, kishikio cha huku fimbo ya kule, halafu unauziwa kwa bei ya kitu kizima.

Halafu nikatoa ile kofia ya shaba kwenye pochi, akatabasamu mara ya kwanza. Imelika upande mmoja. Akaivisha, akaizungusha mpaka pale palipolika pakakaa mstari mmoja na mkono wa bakora, na pia alama ya kutu ya zamani kwenye mti ikaingia pake. Mtu anayetembea anaichomeka ncha kwa mshazari, upande ule ule, kila hatua, kwa hiyo kofia iliyolika mviringo sawasawa pande zote kwenye bakora ya mkono uliokunjwa inatia shaka. Hii imekaa hapo tangu zamani. "Hii ndo babu yako," akasema, akanirudishia niishike.

Vitundu: alipigapiga bakora kwenye karatasi nyeupe, ikadondoka ungaunga laini wa rangi ya maziwa. Unga mpya maana yake mdudu yumo. Nilitegemea atasema dawa, akaniuliza nani ana friza refu. Shangazi anauza barafu za ukwaju na ubuyu, analo. Basi bakora ikavuliwa pete na kofia, ikafungwa nailoni tabaka mbili na utepe wa gundi, ikalala kwenye friza wiki mbili juu ya ukwaju, na shangazi kila mteja akija anafunika na taulo kwa aibu. Sio ushirikina wa mzee, makumbusho nao wanagandisha vitu vya mbao kuua wadudu. Cha muhimu ukiitoa usiifungue, iache ndani ya nailoni siku nzima mpaka baridi liishe, la sivyo unyevu unakaa kwenye mti wenyewe.

Baada ya hapo ndo akafanya kazi, na kazi yenyewe ni hii: alitoa vanishi kwa pamba na thina, kipande kwa kipande, bila msasa. Akarudisha pete na gundi kidogo, kofia akaichomeka, mpira akanipa nikatupe. Akapaka nta. Basi. Kuirudisha weusi alikataa kabisa, akasema akipaka rangi leo itakuwa ni uongo wake yeye juu ya uongo wa yule wa Dar. Vitundu hakuziba, anataka nione kama unga utatoka tena. Kibonde cha kidole gumba hakuna wa kukirudisha. Elfu sitini na tano jumla.

Nta yake nayo niiseme kwa sababu ndo bidhaa pekee niliyonunua. Ni nta ya nyuki anayeyusha mwenyewe, bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, akiitoa mbali na jiko anachanganya tapentaini, inakuwa kama mafuta ya kupaka. Elfu kumi kikopo. Harufu ni ya asali na duka la rangi kwa pamoja, inaisha siku ya pili. Mara mbili kwa mwaka inatosha, unachukua kama punje ya harage kwa bakora nzima, unasugua kwa flana mpaka kitambaa kiteleze. Mi mara ya kwanza nilipaka kama mandazi, ikashika vumbi lote la Dar, nikaanza upya. Mafuta ya nazi alinikataza, yanachacha na yanavuta uchafu. Fedha unafuta kwa kitambaa laini kikavu tu, dawa ya meno marufuku, inakwangua. Na isiegemezwe kona, inapinda taratibu, sasa hivi imelala kwenye vijiti viwili ukutani mbali na dirisha na mbali na eisii.

Wakati nasubiri zile wiki mbili nilizunguka maduka ya watalii kwa udadisi. Bakora "za miaka mia", zinauzwa mpaka laki tatu. Nilitoa tishu yenye maji kidogo nikafuta ya kwanza, ikatoka nyeusi, kiwi ya viatu. Ila msimtukane kila muuzaji, mpingo wa kweli nao una tabaka la nje la manjano, ukiona mstari wa rangi hafifu sio lazima uwe feki. Duka jingine jamaa kaniita pembeni kaninong'oneza ana ya kishikio cha pembe. Kwanza pembe ya ndovu bila kibali ni kesi, iwe Tanzania iwe Kenya, hata iwe ya bibi yako. Pili nikaigeuza chini, kuna mshono umenyooka toka mwanzo mpaka mwisho, ule unaotokana na kumimina plastiki kwenye kalibu. Pembe halisi kwenye mkato wake unaona mistari inayopishana kama wavu, mfupa una vidoti, plastiki haina wavu huo. Nikamrudishia nikaenda zangu kula urojo.

Shangazi nilipomweleza habari za pete ya kuhamishwa alifikiri sana, akasema, "Kwa hiyo Sultani katupa mtumba?" Bado anaamini kwamba ni Sultani.

Mnaoniuliza namba ya mzee, hana simu ya kupigiwa, anayo mjukuu wake. Nendeni tu, anafungua baada ya alasiri, Ijumaa hayupo, na bakora mpelekeeni ikiwa na uchafu wake wote.