Uzoefu wangu na upandikizaji wa seli za gegedu gotini

Goti langu lilitibiwa kwa seli zangu mwenyewe za gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, zilizooteshwa maabara na kurudishwa juu ya utando wa kolajeni (aina ya protini), njia inayoitwa MACI. Ningeichagua tena. Ila naisifu kwa masharti, kwa sababu inamfaa mwenye shimo moja au mawili tu kwenye gegedu huku gegedu linalozunguka likiwa zima. Goti lililolika kote, au lenye baridi yabisi, halisaidiki kwa njia hii. Matege, ukano uliokatika au meniskasi (kipande cha gegedu kinachopunguza mishtuko ndani ya goti) iliyoondolewa navyo vishughulikiwe kwanza au siku hiyo hiyo, la sivyo kilicholiharibu gegedu la zamani kitalisaga na hili jipya. Daktari asipoagiza eksirei ya mguu mzima, kuanzia nyonga hadi kifundo, mgonjwa akiwa amesimama, muulize kwa nini.

Upasuaji ni mara mbili. Wa kwanza ni mfupi: kamera huingizwa kwenye tundu dogo, na miligramu 200 hadi 300 hivi za gegedu huchukuliwa mahali pasipobeba uzito. Hapo pia ndipo shimo hupimwa kwa uhakika, kwani MRI mara nyingi hulionyesha dogo kuliko lilivyo. Chini ya sentimita 2 za mraba, kuna njia rahisi zaidi za kuzungumza na daktari. Maabara huchukua wiki kadhaa kuzalisha seli, kisha huzipanda kwenye utando, angalau seli 500,000 kwa kila sentimita ya mraba. Kolajeni yenyewe hutokana na nguruwe. Mwenye mzio nayo, mwenye mzio wa antibiotiki ya jentamaisini, au mwenye kikwazo cha imani aseme mapema, kabla seli hazijachukuliwa.

Safari ya pili goti kwa kawaida hufunguliwa kwa kisu. Gegedu bovu hukwanguliwa mpaka kingo za shimo zisimame wima na ziwe imara, bila kutoboa mfupa ulio chini. Hapa ndipo mkono wa daktari unapoonekana: mfupa ukitobolewa, damu na seli za uboho hupanda na kujenga kovu la nyuzi badala ya gegedu laini. Utando hukatwa kwa umbo la shimo, upande wenye seli hulazwa kwenye mfupa, na gundi ya faibrini, protini inayogandisha damu, huushika. Kabla ya kushona, goti hukunjwa na kunyooshwa ili ionekane kama utando umetulia. Mbinu ya awali, iliyochapishwa na madaktari wa Uswidi mwaka 1994, ilishonea ngozi ya mfupa, yaani utando mwembamba unaoufunika mfupa, juu ya shimo. Ngozi ile ilinenepa mara nyingi, na wengi wakarudi kwa kisu. Utando umepunguza sana tatizo hilo.

Baada ya hapo kazi ni yako. Usinakili ratiba ya mwenzako, maana mahali pa shimo ndipo panapoamua. Likiwa mwishoni mwa mfupa wa paja, kukunja huruhusiwa mapema lakini uzito huwekewa kikomo. Likiwa nyuma ya pia ya goti, unaweza kukanyaga mapema bresi (kifaa cha kushikilia goti) ikiwa imefungwa mguu umenyooka, ila kukunja huku umebeba uzito ni mwiko. Kwa mfano, kikomo cha asilimia 20 ya uzito wa mwili kwa mtu wa kilo 70 ni kilo 14. Simama na magongo, weka mguu kwenye mizani ya kawaida, ukanyage mpaka 14, urudie hadi mguu uzoee. Bila mizani karibu kila mtu huzidisha. Mashine ya kukunja goti taratibu hutumika saa nyingi kwa siku, nayo husaidia goti lisikakamae.

Maji yakijaa gotini, misuli ya mbele ya paja hugoma kukaza hata ukijitahidi, kwa hiyo barafu na kuinua mguu huja kabla ya mazoezi ya nguvu. Goti likinasa ghafla na kuvimba, huenda utando umeng'oka. Shavu la mguu likivimba na kuuma, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Hayo mawili ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtego mkubwa uko miezi ya kati: maumivu yameisha, magongo yamewekwa kando, lakini gegedu bado changa. Kila unapoongeza zoezi, likague goti asubuhi ya pili yake, na likiwa limevimba rudi hatua moja nyuma. Kukimbia kwenye mstari ulionyooka husubiri karibu mwaka, na michezo ya kugeuka ghafla kama soka husubiri zaidi ya hapo.