Taa ya bluu, Vitz yangu na fundi aliyemtaka shemeji

"Madam, mwite shemeji aje tuongee."

Hayo niliambiwa nikiwa nimesimama kwenye gereji moja hapa Mtwara mjini, ufunguo mkononi, kadi ya gari yenye jina langu ndani ya pochi, vumbi la Tandahimba bado limo kwenye nyusi. Shemeji gani? Sina mume. Na hata ningekuwa naye, hili gari lisingemhusu, maana nimelinunua kwa hela ya mchezo wa akina mama pale sokoni nikaongezea za korosho, msimu ule bei ilipokaa vizuri. Naandika bado nina hasira, mnivumilie. Mkiona mahali nasema gari baya na mahali nasema zuri, yote mawili ninayamaanisha.

Gari ni Toyota Vitz, ile ya toleo la pili iliyoanza kutoka 2005, ya pistoni tatu. Sifa zake mtazikuta popote, mimi nitasema yasiyoandikwa. Ukisimama bila kuzima, linatetemeka kama mtu anayeanza homa. Siku ya kwanza nilidhani limeshakufa, kumbe pistoni tatu ndivyo zilivyo. La pili, saa ya spidi iko katikati ya dashibodi, haiko mbele ya dereva. Aliyebuni hakuwa na mama mkubwa. Wangu anakaa kiti cha nyuma, anaisoma na kutangaza kama mtangazaji wa mpira: "Sitini hiyo! Sabini! Mwanangu, huko unakowahi kuna nini?"

La tatu ndilo lililoniponza. Hakuna mshale wa joto la injini, kuna taa mbili tu. Ya bluu inawaka injini ikiwa baridi, inazimika ikishapata moto. Nyekundu ikiwaka, umechemsha. Kati ya hizo mbili hujui lolote, unaendesha kwa imani.

Siku ya kulijaribu tulikuwa watatu: mimi, dalali na mwenye gari. Tukaliwasha, bluu ikawaka. Tukatoka mjini mpaka Mikindani, kilometa kumi hivi, bluu bado inawaka. Nikauliza, mbona haizimiki? Dalali akacheka mpaka akapiga paja. "Dada yangu, hiyo ndiyo raha ya hili gari. Injini baridi kama maji ya mtungi. Halijui kuchemsha!" Mwenye gari akaitikia kwa kichwa, mpole kama imamu. Mimi nikafurahi. Wakanipunguzia laki mbili, nikarudi nyumbani najiona mjanja, kwamba nimewapiga.

Kwa mjini, niseme haki, sikuwa na neno. Chuno mpaka sokoni, sokoni mpaka bandarini kuchukua mzigo, viti vya nyuma nimevilaza, marobota ya vitenge yamejaa mpaka darini. Linapita uchochoro ambao Noah inarudi kinyumenyume. Kitu kimoja tu kilinikera: mafuta. Mwenzangu wa duka la pili ana Vitz hiyohiyo, mwaka hauachani sana, na yeye anaweka elfu ishirini anazunguka nayo siku tatu. Mimi mbili. Bei ya mafuta inatangazwa upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ingawa meli za mafuta zinashusha hapahapa bandarini kwetu, mara nyingi tunalipa zaidi ya watu wa Dar. Kwa hiyo siku hiyo moja ninaisikia. Nilidhani mguu wangu mzito. Kumbe taa ya bluu ilikuwa inaniambia kila asubuhi na mimi sijui kusoma.

Sasa safari. Ilikuwa msimu wa korosho, jua la kupasua kichwa, mvua ya mwisho hata haikumbukwi. Nilikuwa namrudisha mama mkubwa Newala. Ndani tupo wanne, nyuma magunia mawili, kiyoyozi kinapuliza maana mama mkubwa hapendi vumbi. Mpaka Mnivata lami safi, sina la kusema. Baada ya hapo barabara ilikuwa inatengenezwa, unatupwa pembeni kwenye mchanga, unatambaa nyuma ya malori, unarudishwa juu, unatupwa tena. Mwendo wa konokono, injini inanguruma, upepo wa kupooza rejeta haupo. Tukavuka Tandahimba. Kabla ya Newala mama mkubwa, ambaye macho yake hayatoki pale katikati, akasema, "Hiyo nyekundu ni ya nini?"

Nilizima palepale. Hicho ndicho kitu cha pekee nilichofanya kwa akili siku ile. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, akaruka na kitambaa kwenda kufungua mfuniko wa rejeta, na kama si mzee mmoja aliyekuwa chini ya mkorosho kumpigia kelele, angeungua uso. Maji yaliyofungiwa kwenye rejeta ya moto yanaruka ukifungua. Msubiri nusu saa au zaidi, hata kama jua linawaunguza.

Tulisubiri. Halafu nikaenda kuomba maji.

Wasiotoka huku hawawezi kuelewa aibu ya jambo hilo. Uwanda wa Makonde uko juu, na maji yako chini sana au mbali sana. Watu wanavuna mvua kwenye mabati, wanaiingiza kwenye visima vya saruji nyumbani, na hiyo ndiyo ya kuvukia kiangazi. Kuomba maji ya kunywa hapo ni sawa, unapewa. Mimi naomba ya gari!

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mmeharibikiwa?"

"Ndiyo bibi. Naomba maji kidogo, ya gari."

Bibi akanitazama, akalitazama gari, akanirudia mimi. "Linakunywa kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Akaondoa bati juu ya kisima, akateremsha ndoo. Kamba ikashuka, ikashuka, mpaka nikasikia ndoo inakwaruza sakafu. Ule mkwaruzo bado ninao masikioni. Ikapanda na maji yasiyofika nusu. "Ndoo huku tunauziana elfu moja," akasema. "Hiyo nusu nipe mia tano, na watoto wako waje wanywe bure." Nikampa elfu mbili, akakataa chenji ibaki kwake, akamtuma mjukuu dukani aichenji. Mtu mwenye hesabu zake.

Yale maji, maji ya watu, nikayamimina kwenye rejeta, na yaliyofurika juu ya mdomo wake yalikuwa rangi ya chai ya mkandaa. Kutu tupu. Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote hiyo lile gari lilikuwa linanyweshwa maji ya bomba na ya visima vyetu vya pwani vyenye chumvi, halijawahi kuonja kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Tukafika Newala kwa kubembelezana, na siku ya tatu nikarudi Mtwara usiku wa baridi peke yangu na mpwa, madumu ya maji nyuma, tukisimama kila taa ilipotaka kuleta maneno.

Ndiyo nikaenda kwenye ile gereji. Nilipelekwa na sifa, kila mtu anaitaja.

Fundi akafungua boneti, akatazama sekunde labda kumi, akafunga. Halafu akamgeukia mpwa wangu. Mtoto wa kidato cha pili! Akaanza kumweleza yeye: "Kijana, hapa hedi imeshakwenda. Injini imekufa hii. Tunaagiza nyingine Dar, milioni moja na laki nane na ufundi juu." Hedi ndiyo kile kifuniko cha juu cha injini. Mpwa anatikisa kichwa kama mwenye gari.

Nikasema, samahani fundi, mimi nimechomoa kijiti cha oili asubuhi. Oili ni safi. Kama maji yangekuwa yameingia kwenye oili si ingekuwa na rangi ya maziwa? Na likiwaka halitoi moshi mweupe, na maji kwenye rejeta hayatoi mapovu. Umejuaje hedi imekwenda?

Alicheka. Vijana wake nao wakacheka kwa sababu yeye amecheka. "Madam, ufundi umesomea wapi? Haya mambo mazito. Mwite shemeji aje tuongee."

Nikamwuliza, kwa sauti ambayo mama mkubwa angeifahamu, themostati unaiona iko sawa? Basi hapo akajibu kwa fahari: "Themostati? Hilo gari nalijua, niliitoa mwenyewe enzi za mwenye nalo wa kwanza. Hizo ni za Wajapani, kwao kuna baridi. Joto letu hili ya nini?"

Nilisimama pale nikaona kilometa kumi zote za Mikindani zinapita mbele yangu na taa ya bluu inawaka. Injini baridi kama maji ya mtungi!

Niwaeleze, maana nimeshaulipia huu ujuzi. Themostati ni kikoki kidogo kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake, kisha kinafungua chenyewe. Ukikitoa, maji yanazunguka tangu asubuhi, injini haipati joto lake ukiwa kwenye mwendo, kompyuta ya gari inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga mafuta mengi. Ile siku moja ya elfu ishirini ilikuwa inaishia hapo. Na kukitoa hakuzuii kuchemsha. Rejeta ikishaziba kwa kutu, siku ukipanda na mzigo taratibu bila upepo, utachemsha tu, tena ukiwa umejiamini. Kulanti nayo siyo rangi ya urembo. Inazuia kutu na inasogeza mbele nyuzi joto za kuchemka. Mafundi wengi wanatoa themostati kwa nia njema, najua, wameshaona magari mengi yaliyokwama nayo ikiwa imefunga. Lakini kwa nini usifunge nyingine mpya? Na kwa nini mwenye gari asiambiwe? Kwa nini aambiwe shemeji?

Niliondoka bila kuaga. Nikampata kijana mmoja Magomeni ya hapahapa Mtwara, mkimya, hana bango wala kiti cha mteja. Yeye hakuniita madam wala sista, aliniita "dada", akanikabidhi tochi nimmulikie. Tukaona pamoja: nyumba ya themostati tupu, mpira wa mfuniko wa rejeta umekauka kama ganda la korosho, rejeta nusu imeziba. Hedi haina kitu. Rejeta ya mtumba ikaja na basi kutoka Dar, laki moja na elfu themanini. Themostati elfu arobaini na tano. Kulanti elfu sitini. Ufundi hamsini. Jumlisheni wenyewe, halafu mkumbuke milioni moja na laki nane. Akanionya pia nisikubali mtu aweke oili yoyote tu kwenye gia boksi, maana hizi za CVT, zinazojibadilisha zenyewe, zina oili yake. Nikaandika kwenye daftari la duka, ukurasa wa madeni.

Nilipoanza kuandika hapa nilikuwa nimeshaamua: msinunue vigari hivi, hasa sisi wa huku wenye kwao uwandani, ni vya watu wa lami. Na sentensi hiyo siifuti. Kwa safari ya Newala na watu wanne na magunia, pistoni tatu ni kulionea gari. Lakini asubuhi ya baada ya matengenezo nililiwasha, bluu ikawaka, na kabla sijafika mbali na nyumbani ikazimika. Ikazimika! Nikasimamisha pembeni kuhakikisha siyo balbu iliyokufa. Tangu siku hiyo elfu ishirini inafika siku ya tatu kama ya mwenzangu. Sasa nitalilaumu gari kwa kosa gani? Lilikuwa linasema kila siku. Basi semeni nimegeuka. Mnunue, ila mkilijaribu mtazame taa ya bluu, na dalali akiisifia mgeuze mkarudi nyumbani.

Newala nimekwenda tena, barabara ileile, kiyoyozi nimezima na mama mkubwa akanuna. Nilibeba madumu mawili ya maji, moja la gari na moja la kumpelekea bibi. La gari halikuguswa, nikamwachia yote mawili. Aliyapokea, akauliza madumu anarudisha au yanabaki.

Ile gereji iko njiani kwangu, siwezi kuikwepa. Juzi fundi alikuwa amekaa nje kwenye tairi, akaniona, akapunga mkono na kupaza sauti: "Madam! Shemeji hajambo?"

Nikampigia honi, ndefu, mpaka nikakata kona ya sokoni.